Jinsi ya kutengeneza kichocheo cha haidrojeni chenye platinamu kiduchu na bado kikapiga kazi

Twende moja kwa moja. Kwenye kupasua maji kwa umeme, upande wa katodi pale haidrojeni inapotoka, hakuna madini yanayoipita platinamu kwa kuchochea, yaani kuharakisha kazi hiyo bila yenyewe kuisha, na hili limejulikana miaka mingi tu. Shida ni kwamba platinamu yenyewe ni chache, migodi ya dunia nzima kwa mwaka haifikishi tani 200, na kama asilimia 70 ya hiyo inachimbwa Afrika Kusini kwenye mwamba wa Bushveld, kule Rustenburg na Mokopane, wengine wanaofuata ni Urusi na Zimbabwe. Kwahiyo kila mtu anataka kuipunguza. Sawa, ila kabla hujashika chupa yoyote piga kwanza hesabu ifuatayo maana ndo itakuongoza mpaka mwisho.

Kilo moja ya haidrojeni inakula ampea-saa 26,600 hivi, na hiyo namba haina mjadala, kila molekuli inataka elektroni mbili basi. Sasa tuseme unataka kilo moja kwa saa, na elektrodi yako, yaani kipande kinachopeleka umeme kwenye maji, inabeba ampea 1 kwa kila sentimita mraba: unahitaji eneo la mita mraba 2.66. Ukipaka platinamu miligramu 0.5 kwa sentimita mraba, kama watu wengi walivyozoea, zinakwenda gramu 13. Ukishuka mpaka 0.05 inakuwa gramu 1.3. Umeokoa gramu 12, vizuri. Lakini angalia upande wa pili, kila milivolti 100 unazopoteza kwa sababu kichocheo chako kimekuwa kizito, yaani kinafanya kazi taratibu, zinakuongezea uniti 2.66 za umeme kwa kila kilo, na mtambo ukipiga kazi masaa 8,000 kwa mwaka hizo ni uniti 21,000 na ushee. Kwa bei za umeme za viwandani huku kwetu hiyo hela inanunua zile gramu 12 ulizookoa na chenji inabaki. Na huo ni mwaka wa kwanza tu, mwaka wa pili unalipa tena.

Kwahiyo lengo sio platinamu kidogo. Lengo ni volti zilezile kwa platinamu kidogo. Watu wengi wanaoandika kuhusu hii mambo wanafurahia nusu ya kwanza ya sentensi.

Anza na maji, sio na madini

Swali la kwanza kabisa ni unafanyia kwenye asidi au kwenye alkali, usiruke hapa maana majibu yake ni tofauti kabisa.

Kwenye asidi, yaani elektrolaiza (mitambo ya kupasua maji) za PEM, zile zenye utando unaopitisha protoni, platinamu iko nyumbani. Protoni ziko tele, zinakuja juu ya uso wa chuma, zinapokea elektroni, zinaungana mbili mbili na kuondoka. Ni rahisi mno kiasi kwamba mwaka 2018 Hubert Gasteiger na wenzake pale chuo kikuu cha ufundi cha Munich walishusha platinamu ya katodi kutoka miligramu 0.30 mpaka 0.025 kwa sentimita mraba na utendaji haukuharibika. Mara kumi na mbili! Yaani kama uko kwenye asidi, sehemu kubwa ya kazi yako ni kupaka vizuri tu, sio kuvumbua kichocheo kipya. Na kiukweli kwenye PEM kinachouma sio hata platinamu, ni iridiamu ya upande wa anodi, pale oksijeni inapotoka, ambayo dunia nzima inazalisha kama tani 7 au 8 kwa mwaka. Mtu akikwambia ameokoa sekta ya PEM kwa kupunguza platinamu ya katodi, mwulize iridiamu ameifanyaje.

Kwenye alkali ndo kuna kazi. Platinamu ileile, usafi uleule, ukiihamisha kutoka kwenye asidi kwenda kwenye potasiamu haidroksaidi (KOH) kasi yake inashuka kama mara mia. Sababu kubwa inayotajwa ni kwamba huku protoni za bure hakuna, inabidi kwanza molekuli ya maji yenyewe ivunjwe ndo haidrojeni ipatikane, na platinamu kwenye kuvunja maji sio fundi kivile. Wataalamu bado wanabishana kuhusu nafasi ya kila sababu, ila hilo la kuvunja maji ndo linalokupa njia ya kutengeneza kitu. Mwaka 2011 kundi la Nenad Markovic kwenye maabara ya Argonne, Marekani, waliweka visiwa vidogo vya nikeli haidroksaidi juu ya platinamu na kasi ikapanda mara 8. Haidroksaidi inavunja maji, haidrojeni inaruka kwenda kwa platinamu, platinamu inamalizia.

Mimi nitakazia alkali kuanzia hapa, kwa sababu huko platinamu kidogo inaleta tofauti kubwa, nikeli yenyewe ni rahisi kupatikana, na mwanafunzi wa chuo chochote chenye maabara ya kawaida anaweza kuifanya.

Mgeni siku mbili

Kabla ya kuchagua madini ya kuchanganya na platinamu, lazima uelewe kwanini platinamu ni nzuri. Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na uso wa kichocheo unatakiwa uwe mwenyeji wa namna hiyohiyo: umpokee haidrojeni vizuri lakini usimng'ang'anie. Madini kama dhahabu hayampokei kabisa, tangsteni na molibdenamu vinampokea alafu havimwachii. Platinamu iko katikati. Kanuni hii inabeba jina la Paul Sabatier, Mfaransa aliyepata Nobel 1912, na mwanakemia Trasatti mwaka 1972 aliichora kwenye grafu yenye umbo la mlima, madini yote yamepangwa kushoto na kulia na platinamu iko karibu na kilele.

Namba inayotumika ni nishati huria ya haidrojeni ikiwa imeshikwa juu ya uso. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Platinamu iko kama -0.09 eV (elektroni-volti, kipimo cha nishati ya atomu). Kingo za molibdenamu disalfaidi zimekadiriwa kama +0.08, ndo maana tangu 2005 watu wameikimbilia sana kama mbadala, shida yake ni kwamba kingo ni chache na uso wake mpana wa katikati haufanyi kitu.

Sasa kama huna maabara, una laptop tu na mtandao, hii namba unaweza kuihesabu mwenyewe na ni mradi mzuri kabisa wa mwaka wa mwisho. Programu ya Quantum ESPRESSO, ya kuhesabu nishati za atomu, ni ya bure. Unajenga kipande cha platinamu uso wa 111 (jina la mpangilio wa atomu za juu), tabaka nne, mbili za chini umezifunga zisisogee, juu unaacha nafasi tupu kama angstromu 15, alafu unaweka atomu moja ya haidrojeni kwenye shimo kati ya atomu tatu za platinamu. Kwenye nishati ya kipande chenye haidrojeni unatoa nishati ya kipande kitupu na nusu ya nishati ya molekuli ya haidrojeni, unaongeza 0.24 eV kufidia mtetemo na entropi, hiyo ndo namba yako. Ukiipata platinamu iko jirani na -0.09 basi mipangilio yako imekaa sawa, ndo uanze kubadilisha, weka nikeli tabaka la pili, weka kobalti, bana umbali wa atomu kwa asilimia mbili, uone namba inaelekea wapi. Kwenye alkali namba hii peke yake haitoshi kwa sababu ya lile suala la kuvunja maji, lakini inakuondolea mapema mawazo mengi mabovu bila kutumia hata tone la kemikali.

Njia za kuibana platinamu

Hapa kuna njia kama tano hivi na sizipi uzito sawa, maana baadhi zinauza makala kuliko zinavyotoa haidrojeni.

Ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa chembe. Chembe ya nanomita 5 inaonyesha nje kama robo ya atomu zake au pungufu kidogo, zilizobaki zimejificha ndani hazina kazi. Ya nanomita 2 inaonyesha nje kama nusu. Kwa hesabu ya mpira wa kawaida, gramu moja ya chembe za nanomita 3 ina uso wa mita mraba 93, ukishuka kwenye 2 inakuwa 140. Lakini ukizidi kwenda chini chembe zinakosa utulivu, zinayeyuka ndogo zinanenepesha kubwa, au zinatembea juu ya kaboni na kugongana. Mimi naona 2 mpaka 3 ndo pazuri, na bidhaa za dukani za platinamu asilimia 20 juu ya kaboni zipo hapohapo.

Ya pili ni kuchanganya na nikeli, kobalti au shaba. Faida ni mbili kwa mpigo, unapunguza platinamu na unabadilisha jinsi inavyomshika haidrojeni, kwa sababu atomu za nikeli ni ndogo, zinaivuta platinamu ya juu ikae kwa kubanana, na mshiko unalegea kidogo. Unalowesha kaboni na chumvi za madini yote mawili, unakausha, unapitisha gesi ya haidrojeni kwenye tanuri nyuzi mia kadhaa. Ni njia ya kawaida na inafanya kazi. Kwenye asidi tu ujue nikeli ya juu itayeyuka iondoke, kwahiyo ioshe mapema mwenyewe kwa asidi kuliko kuacha ikachafue utando wa elektrolaiza.

Ya tatu ni ganda la platinamu juu ya kiini cha bei rahisi. Tangsteni kabaidi inapendwa hapa kwa sababu kielektroniki inafanana na platinamu kiasi, mwaka 2010 kundi la Jingguang Chen walionyesha kwamba tabaka moja tu la atomu za platinamu juu ya kabaidi hiyo linafanya kazi karibu sawa na platinamu nzima. Ni njia nzuri sana kwenye karatasi, ila kupaka tabaka moja kamili kwenye unga, sio kwenye bamba laini la maabara, ni kazi ya watu wenye vifaa na subira.

Ya nne ni atomu mojamoja. Mwaka 2016 kundi moja la Kanada na wenzao walipaka platinamu kwa mvuke, tabaka kwa tabaka, juu ya grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) yenye naitrojeni, wakapata atomu moja moja na vikundi vidogo, na kwa kila miligramu walipata mpaka mara 37 ya platinamu ya dukani. Namba inavutia. Lakini kuthibitisha kwamba kweli ni atomu mojamoja unahitaji darubini ya elektroni ya hali ya juu na mionzi ya sinkrotroni, yaani eksirei kali za mtambo mkubwa, alafu ukiwasha mkondo kwa muda mrefu zinaweza kuanza kukusanyika. Kama ndo unaanza, achana nayo.

Ya tano ni ile ya jirani, platinamu kukaa bega kwa bega na haidroksaidi. Hii ndo naipigia debe kwa alkali na ndo tunayoipika hapa chini.

Upishi wenyewe: platinamu mikrogramu 50 juu ya sponji la nikeli

Utahitaji sponji la nikeli, ile nikeli yenye matundu inayouzwa kwa ajili ya betri, chumvi ya platinamu K2PtCl4, asidi ya haidrokloriki (HCl), KOH safi, asetoni, na maji yaliyosafishwa ya megaohimu 18.2. Maji ya betri ya kwenye vituo vya mafuta yanatosha kwa maonyesho ya shule, kwa vipimo hapana, maana chembe ndogo tu za shaba au chuma zitajipaka juu ya katodi yako na utakuwa unapima kitu kingine. Na tahadhari moja ambayo watu wanaipuuza: chumvi za platinamu zenye kloridi zinaleta mzio mbaya wa kifua, mtu akishaupata mara nyingi hawezi tena kukaa jirani na hizo chumvi. Vaa glavu, pima unga ndani ya kabati la kuvuta hewa, usiupulize.

Tengeneza stoki kwanza, yaani kimiminika cha akiba cha kuchota. Miligramu 41.5 za K2PtCl4 kwenye mililita 100 za maji zinakupa milimola 1 kwa lita, rangi ya chungwa hafifu. Chukua mililita 5 za hiyo, ongeza maji mpaka 100, sasa una milimola 0.05, karibu haina rangi.

Kata sponji sentimita 1 kwa 2. Nusu itakuwa ya kufanya kazi, nusu ni mkia wa kubana koleo, na mpakani paka gundi ya epoksi iingie mpaka ndani ya matundu, ukipaka juujuu kimiminika kitapanda na eneo lako halitajulikana. Osha kwa asetoni kwenye mashine ya mawimbi ya sauti dakika 10, alafu HCl mola 3 dakika 10 hadi 15 kuondoa oksaidi, utaona kimiminika kinageuka kijani kidogo, hiyo ni nikeli. Suuza na maji mara kadhaa. Usiikaushe, usiiache mezani ukaenda kunywa chai, oksaidi inarudi fasta. Peleka moja kwa moja kwenye hatua inayofuata.

Weka mililita 5 za ile milimola 0.05 kwenye chupa ndogo ambayo tayari umepulizia naitrojeni dakika 20, zamisha ile nusu ya sponji ya kufanya kazi, koroga polepole, acha mpaka asubuhi. Kinachotokea ni kwamba nikeli inatoa elektroni zake kwa platinamu na kuingia kwenye maji, platinamu inakaa mahali pake, moja kwa moja. Huhitaji umeme wala kemikali nyingine ya kuipa platinamu elektroni.

Uzuri wa njia hii uko kwenye hesabu. Kwenye mililita 5 kuna platinamu mikrogramu 48.8 tu, kwahiyo hata ufanye nini huwezi kuzidisha. Dari umeliweka wewe kwenye mizani, sio bahati. Ukitumia maji mengi yenye platinamu kali kwa dakika chache, kama wengi wanavyofanya kwa haraka, platinamu inavamia kingo za nje za sponji inatengeneza madonge meusi, ndani kwenye matundu hakuna kitu, na kiasi kilichokaa ni cha kukisia. Kimiminika hafifu kwa muda mrefu kinaipa platinamu nafasi ya kupenya mpaka ndani. Ukitaka iende taratibu zaidi ongeza kidogo chumvi ya potasiamu kloridi, kloridi ikizidi platinamu inabadilishana kwa uvivu.

Asubuhi sponji litakuwa limepoteza mng'ao limekuwa la kijivu. Kimiminika kilichobaki usimwage, kipeleke kikapimwe kiasi cha platinamu kwa ICP, mashine ya kupima madini kidogo sana kwenye kimiminika, ukitoa kwenye 48.8 ndo unajua kilichokaa. Suuza sponji, liloweke kwenye KOH mola 1 kama nusu saa, hapo nikeli iliyobaki wazi inavaa haidroksaidi yenyewe, na platinamu imeshapata jirani wake.

Tengeneza pia ndugu zake wawili wa kulinganisha. Mmoja ni sponji lililopita hatua zote isipokuwa platinamu. Wa pili ni platinamu ya dukani asilimia 20 juu ya kaboni, kwa kiasi kilekile cha platinamu kwa sentimita mraba. Kwa huyu wa pili unachanganya wino: miligramu 5 za unga kwenye mililita 1 ya maji, pombe ya isopropanoli na Nafion kidogo (plastiki inayoshikisha unga). UNGA ULOWESHE KWA MAJI KWANZA ndo uweke pombe. Platinamu kavu ikikutana na mvuke wa pombe hewani inaweza kuwaka moto palepale, na hii sio hadithi ya kutishana. Mikrolita 5 za wino huo zina mikrogramu 5 za platinamu, kwahiyo kupata 49 kwenye sentimita mraba moja unadondosha kama mikrolita 49, kidogo kidogo, ukisubiri zikauke.

Wa pwani wataniuliza kuhusu mkaa wa vifuu vya nazi badala ya kaboni ya kununua. Una matundu mengi kweli, ila umeme haupitishi vizuri mpaka uuchome kwa joto kali sana bila hewa, na majivu yake yana madini mengine. Kwa chujio la maji ni bora, kwa hapa utateseka bure.

Kupima bila kujidanganya

Hii ndo sehemu inayotofautisha kazi ya kuaminika na kelele, na ndo nitachukua muda.

Elektrodi ya pili, ile ya kufunga saketi, iwe fimbo ya grafaiti. Isiwe waya wa platinamu hata kama ndo upo kwenye droo. Waya wa platinamu ukiwa upande wa anodi unayeyuka kidogo kidogo, atomu zinasafiri zinakuja kujipaka kwenye katodi yako, na kichocheo chako kinaonekana kinazidi kuwa bora kila siku. Wewe unatafuta kuonyesha mikrogramu 49 zinatosha huku za bure zinaongezeka kimyakimya! Kuna makala nyingi za vichocheo visivyo na platinamu ambazo siri ya mafanikio yake ni hiyo tu. Tenganisha na utando pia kama unao.

Elektrodi ya kumbukumbu, ile ya kulinganishia volti, kwenye KOH iwe ya zebaki na zebaki oksaidi. Ile ya fedha na fedha kloridi haikai vizuri kwenye alkali. Na usitegemee fomula ya kitabuni kugeuza volti, puliza haidrojeni kwenye KOH uleule, weka waya safi wa platinamu, soma volti mkondo ukiwa sifuri, hiyo ndo sifuri yako. (Huo waya ukishamaliza uutoe.) Chombo kiwe cha plastiki au tefloni, KOH inakula kioo na kuachia silika na uchafu mwingine.

Kisha ukinzani. Sponji la sentimita mraba 1 kwenye KOH mola 1, ukinzani wa kimiminika unaweza kuwa ohimu 1 au 2. Tuseme 1.5. Kwenye miliampea 10 unapoteza milivolti 15, sio mbaya. Kwenye miliampea 100 ni milivolti 150, yaani hasara ya maji imeizidi hasara ya kichocheo chenyewe. Kwahiyo lazima uupime kwa umeme geu wa masafa ya juu na kuutoa, lakini useme wazi umetoa asilimia ngapi, na onyesha mchoro wa kabla na wa baada. Mtu akitoa asilimia 100 na mstari wake ukajikunja kurudi nyuma, huyo amezidisha.

Miliampea 10 kwa sentimita mraba watu wanaipenda kwa mazoea ya vifaa vya jua. Elektrolaiza ya kweli inaendeshwa mara kumi mpaka mia zaidi ya hapo. Pima mpaka angalau 500 kama potenshiostati yako (kifaa cha kuongoza volti na kupima mkondo) inafika, maana huko juu mapovu ndo yanatawala, yakikwama kwenye matundu ya sponji yanaziba platinamu yako na kichocheo kizuri kinaonekana kibovu.

Mteremko wa Tafel, uliopewa jina la Julius Tafel, ni milivolti unazoongeza ili mkondo upande mara kumi, na watu wanautumia kama cheti. Wanasema 30 ni hatua hii, 40 ni ile, 120 ni ya kwanza. Kwa platinamu kwenye asidi juu ya diski inayozunguka, ile 30 unayoiona haikwambii kitu kuhusu kichocheo, ni haidrojeni inashindwa kuondoka haraka juu ya uso. Mwitikio ni wa kasi kuliko kifaa chako. Ndo maana kwenye asidi platinamu mbili tofauti kabisa zinaweza kutoa mstari uleule na mtu akatangaza amefikia kiwango cha dukani kwa nusu ya platinamu, wakati hata robo ingetoa hivohivo. Kwenye alkali tatizo hili linapungua kwa sababu mwitikio ni mzito.

Mwisho gawanya kwa uzito. Tuseme kwenye milivolti 70 kutoka kwenye ile sifuri yako sponji lako linatoa miliampea 100 na lina mikrogramu 49 za platinamu, hiyo ni kama ampea 2 kwa miligramu. Kwanza toa mchango wa sponji tupu kwenye volti hizohizo ndo ugawanye, nikeli nayo inafanya kazi kidogo. Ukitaka kujua atomu ngapi ziko nje, kwenye platinamu ya kaboni unaweza kusoma chaji ya haidrojeni inayokaa juu, mikrokulombu 210 kwa kila sentimita mraba ya uso halisi. Kwenye sponji la nikeli hiyo njia inavurugwa na nikeli yenyewe, kaboni monoksaidi ndo inatumika, na hiyo gesi inaua kimyakimya, usiiguse bila kabati na king'ora chake.

Uimara, na habari ya jua

Masaa 24 kwenye miliampea 10 hayathibitishi kitu. Katodi ikiwa inafanya kazi mfululizo kwa kweli iko salama, volti yake iko chini, platinamu haiyeyuki. Inaumia inapozimwa. Mkondo ukikatika kwenye mtambo wenye seli nyingi, mkondo wa kurudi nyuma unatembea kwa muda, volti ya katodi inapanda, nikeli inaoksidika na platinamu inaweza kuyeyuka au kubanduka. Kwa umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, Kenya, ambao haulali hiyo ni shida ndogo, kwa sola ni kila siku jioni na kila wingu likipita. Kwahiyo jaribio lako liwe la kuwasha na kuzima, dakika kadhaa kwenye mkondo mkubwa, dakika kadhaa bila kitu, mamia ya mara, na kila baada ya muda chota kidogo cha KOH upime platinamu iliyoponyoka. Namba hiyo ya kwenye KOH mimi naiamini kuliko mchoro wowote wa volti iliyonyooka.

Kama platinamu inabanduka, tatizo mara nyingi liko kwenye usafishaji wa mwanzo, oksaidi haikutoka yote ikabaki katikati ya nikeli na platinamu. Rudi kwenye HCl. Kama haibanduki lakini utendaji unashuka taratibu, angalia chuma kutoka kwenye KOH yako, KOH ya bei ya chini huwa na chuma kinachojipaka juu ya katodi.

Chumba kiwe na hewa inayopita, haidrojeni inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 hewani, na mapovu ya masaa mengi kwenye kabati lililofungwa yanafika 4 upesi.

Anayetaka kusomea hili ndani ya Afrika, programu ya haidrojeni ya serikali ya Afrika Kusini iitwayo HySA ilianzishwa 2008, na kitengo chake cha vichocheo kiko chuo kikuu cha Cape Town pamoja na Mintek, taasisi ya utafiti wa madini.

Kuhusu mabaki. Maji yote ya kusuuzia yenye platinamu yakusanye kwenye chupa moja yenye lebo, yatie asidi kidogo, weka unga wa zinki chini ya kabati la kuvuta hewa, platinamu itashuka chini kama unga mweusi, zinki iliyobaki iyeyushe kwa HCl, chuja, suuza. Sponji za zamani ziloweke kwenye HCl ya moto kidogo, nikeli inaondoka, platinamu inabaki. Huo unga uweke ukiwa na unyevu, usiukaushe karibu na pombe, na ukijaa wa kutosha kuna kampuni za kusafisha madini zinazoununua kwa uzito.